Butura ya Mchanga





Hakuna mtu wa Bukoba wala wa Muleba asiyejua maana ya butura. Mkulima amebanwa na ada ya shule au gharama za matibabu, na mibuni yake ndiyo kwanza imetoa maua. Huja mtu mwenye fedha mkononi, hutazama maua, hukadiria magunia, hutaja bei, na mkulima hupokea. Miezi hupita, maua huwa matunda, matunda huiva, na siku ya kuchuma mwenye shamba huwa kama kibarua katika shamba lake mwenyewe. Serikali imeikataza butura, ushirika umeikemea, mapadre wameisema mimbarini. Nayo huota tena kama magugu, kwa sababu shida haisomi amri.

Butura ni dhuluma kwa sababu mbili. Kwanza, mnunuzi hainunui kahawa bali hununua shida ya mwenzake. Pili, mwenye mali huuza kitu ambacho kipimo chake hakijui. Yeye huona maua. Mnunuzi huona magunia.

Katika kijarida hiki twataka kusema jambo moja tu: taifa nalo laweza kufanya butura. Hufanya hivyo kila linapouza mbale, yaani mawe au mchanga wenye madini, bila kujua kilichomo ndani, bila kujua njia ambayo mbale hiyo itapita hadi kuwa metali, na bila kumlipa kwanza mtu aliyeondolewa juu yake. Tumechagua mfano wa titani. Tumeichagua kwa kuwa ni metali ambayo safari yake kutoka mchanga hadi kitu cha kutumika ni ndefu kuliko nyingi. Kwa kuwa ipo katika nchi yetu, huko Liganga. Na kwa kuwa jirani zetu wa Kwale, Kenya, wamekwisha kuichimba hadi mgodi ukafungwa. Tena nikeli ya Ngara, katika mkoa wetu huu wa Kagera, inaelekea kupita njia hiyo hiyo. Mwenye kujifunza kwa jirani hapati hasara mara mbili.

TITANI NI NINI

Aliyeigundua alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1791 William Gregor, mchungaji wa Kianglikana huko Cornwall, Uingereza, alichunguza mchanga mweusi uliovutwa na sumaku, akakuta humo kitu ambacho hakijapata kujulikana. Mwaka 1795 Mjerumani Martin Klaproth alikipa kitu hicho jina la titani. Lakini kuijua ni jambo moja na kuipata ni jambo jingine. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1910 ndipo Matthew Hunter, huko Marekani, alipoipata metali yenyewe ikiwa safi. Yaani ilichukua miaka 119 kutoka mchanga wa mchungaji yule hadi kipande cha metali.

Metali hiyo ina uzito unaokaribia nusu tu ya ule wa chuma, nayo ni imara na haishiki kutu. Kwa hiyo hutumika katika injini na miili ya ndege, na katika mitambo inayoguswa na maji ya bahari. Mwili wa binadamu huipokea bila kuikataa, ndiyo maana madaktari huitumia kutengeneza nyonga bandia na vyuma vya kuunga mifupa. Hata hivyo, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za mbale za titani zinazochimbwa duniani hazigeuzwi kuwa metali. Hugeuzwa kuwa unga mweupe sana, ambao hutiwa katika rangi za kuta, karatasi, plastiki na hata dawa ya meno. Tunapopaka kigango chetu rangi nyeupe kwa ajili ya Pasaka, yaelekea tunapaka titani. Kopo hilo tumelinunua kwa bei ya dukani. Mchanga wake, kama ulitoka Afrika, uliondoka kwa bei ya mchanga.

NJIA KUTOKA MCHANGA HADI METALI

Tunawaomba msomaji na kiongozi wasiiruke sehemu hii kwa kudhani kwamba ni mambo ya wataalamu peke yao. Asiyeijua njia hii hawezi kujua mahali anapoibiwa.

Titani hupatikana hasa katika mbale mbili. Ya kwanza ni ilmenaiti, ambamo titani imeshikamana na chuma na hewa ya oksijeni. Ya pili ni rutaili, ambamo titani imeshikamana na oksijeni peke yake. Hii ni haba zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Mchanga wa pwani huoshwa kwa maji mengi ili mchanga mwepesi uchukuliwe na punje nzito zibaki. Kisha sumaku huvuta ilmenaiti na kuiacha rutaili. Hatua hii ya kwanza haihitaji moto wala tindikali. Ni kama kupepeta mpunga. Hapa ndipo nchi nyingi za Afrika huishia: hupepeta, hupakia melini, na husema zimeuza madini.

Hatua ya pili ni kuitoa titani mikononi mwa chuma. Ilmenaiti hutiwa pamoja na makaa katika tanuru kubwa la umeme, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,600. Chuma huyeyuka na kutuama chini, kikauzwa peke yake. Juu huelea kile ambacho mhunzi angekiita mavi ya chuma. Lakini katika kazi hii mavi ndiyo mali, kwa kuwa ndani yake mna titani nyingi.

Hatua ya tatu ni ya hatari. Mavi hayo, au rutaili, huchanganywa na makaa na kupulizwa gesi ya klorini kwenye joto la nyuzi zipatazo 1,000. Klorini huing'oa titani kutoka katika oksijeni, na hutokea kimiminika kisicho na rangi kiitwacho titani tetrakloridi, kinachochemka kwa nyuzi 136. Kikivuja na kukutana na unyevu wa hewa hutoa moshi mweupe wenye tindikali unaochoma macho na mapafu. Kimiminika hicho hukenekwa kama gongo inavyokenekwa, mara nyingi na kwa uangalifu, ili silika, chuma na vanadi viondoke. Kutoka hapa njia hugawanyika. Wanaotaka unga wa rangi hukichoma kimiminika hicho pamoja na oksijeni. Wanaotaka metali huendelea mbele.

Hatua ya nne ilibuniwa katika miaka ya 1930 na William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, na jina lake lingali limeshikamana na njia hiyo. Kimiminika kile hudondoshwa juu ya magnesi iliyoyeyuka, ndani ya pipa la chuma lililofungwa na kujazwa gesi ya argoni, ili hewa isiingie hata kidogo. Magnesi huichukua klorini na kuiacha titani peke yake. Pipa huachwa kwa siku kadhaa, kisha masalio huvukizwa nje kwa joto na ombwe. Kinachobaki ni donge lenye vitundu kama sifongo. Magnesi na klorini hutenganishwa tena kwa umeme mwingi, zikarudi kazini.

Hatua ya tano ni kulivunja donge hilo, kulishindilia liwe nguzo, na kuiyeyusha nguzo hiyo kwa cheche ya umeme ndani ya ombwe, kwa kuwa titani iliyoyeyuka hunyonya oksijeni na naitrojeni hewani ikawa dhaifu kama kigae. Mara nyingi huyeyushwa mara mbili au tatu. Ndipo hupatikana mchi wa metali, nao hufuliwa, hukatwa na kuchongwa.

Ndiyo sababu titani ni ghali, ingawa si adimu ardhini. Ughali wake umo katika umeme, katika klorini, katika ombwe na katika maarifa. Katika nchi zinazoitengeneza metali hii kwa wingi, kama China, Japani, Urusi, Kazakhstan na Saudi Arabia, kuna zisizojitosheleza kwa mbale. Japani huagiza mbale yake kutoka nje. Hawana mchanga, wana njia.

HESABU YA MWENYE SHAMBA

Tufanye hesabu fupi. Katika kila kilo 100 za ilmenaiti safi, titani ni kama kilo 31 hivi. Zilizobaki ni chuma na oksijeni. Basi tani moja ya metali yatoka katika tani zaidi ya 3 za ilmenaiti. Tani ya ilmenaiti huuzwa kwa mamia machache ya dola za Kimarekani. Tani ya sifongo ya titani huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na ikishachongwa kuwa kifaa cha ndege au nyonga bandia, hesabu huruka tena.

Hatusemi kwamba tofauti yote hiyo ni wizi. La hasha! Katikati kuna umeme, mitambo, kazi ya watu na hasara. Mtu anayekaanga kahawa naye ana haki ya kulipwa kwa kukaanga kwake. Sisi wa Bukoba twalifahamu hili kuliko wengi, maana tuna kiwanda cha TANICA mjini kwetu, kilichojengwa katika miaka ya 1960, na tunaona kwa macho tofauti kati ya gunia la maganda na kopo la kahawa ya unga. Tunachosema ni kwamba mwenye shamba lazima aijue tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi, na aulize sehemu yake ni ipi na itapanda lini.

WASEMAO "NI MCHANGA TU"

Wapo wasemao: madini yakikaa ardhini hayamfai mtu, tuuze tulivyo, tupate mrabaha, tujenge zahanati. Hoja hii ilitawala sana miaka ya 1990, wakati nchi maskini zilipoambiwa na wakopeshaji wao zifungue milango na kupunguza kodi. Sheria yetu ya Madini ya mwaka 1998 ilitoza mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu. Ilichukua hadi mwaka 2010 kuufikisha asilimia 4, na hadi mwaka 2017 kuufikisha asilimia 6. Miaka 19 ni umri wa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Ni dhahabu kiasi gani iliyoondoka katika miaka hiyo, ndugu zangu, na kila mwananchi ajiulize ilimwachia nini.

Watazameni jirani zetu wa Kwale. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilifika huko katika miaka ya 1990, ikapata hati ya uchimbaji mwaka 2004, na wananchi wa Maumba na Nguluku wakaondolewa katika mashamba yao ya minazi na mikorosho huku mzozo wa fidia ukivuta miaka. Mwaka 2010 mradi uliuzwa kwa kampuni ya Base ya Australia. Uzalishaji ukaanza mwaka 2013. Ilmenaiti, rutaili na zirkoni vikapakiwa melini Likoni, Mombasa, vikaenda ng'ambo. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma kwa kuwa mbale yenye faida ilikuwa imekwisha. Muongo mmoja na zaidi kidogo! Mnazi waweza kuzaa miaka 60.

Tuwe waadilifu: mgodi ule ulitoa ajira, ulilipa mrabaha, na ulifadhili wanafunzi. Wala hatudai kwamba Kenya ingeweza kujenga kiwanda cha metali kwa ajili ya mgodi mmoja wa miaka michache. Twauliza hili tu: sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ilitenga asilimia 70 ya mrabaha kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa wananchi wa mahali penyewe, lakini kwa miaka mingi baadaye wananchi hao waliendelea kulalamika kwamba kumi yao haikuwafikia. Meli hazikungoja; kwa nini kumi ya maskini ingoje?

WASEMAO "HATUWEZI"

Wengine husema kwamba Mwafrika hana ustadi wa metali, na kwamba kazi yetu ni kuchimba na ya wenzetu ni kusafisha. Kwa mtu wa Buhaya kauli hii ni matusi kwa makaburi ya babu zake.

Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika nchi hii yetu, karibu na ziwa. Walichimbua tanuru za kale, wakawaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru na kuyeyusha chuma kama walivyoona kwa wazazi wao. Wakaandika kwamba kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita wahunzi wa hapa, ambao wazee wetu huwaita abaheesi, walikuwa wakipitisha hewa ya mivukuto katika mabomba ya udongo ndani ya tanuru ili ipate joto kabla ya kugusa moto, na hivyo kupata joto kali na chuma cha pua. Katuruka na Kemondo si majina ya mbali. Twapita huko tukienda Muleba. Mtu aliyechimbua mbale, akachoma makaa, akafinyanga mabomba, akajenga tanuru na kutoka na jembe, huyo alikuwa na njia nzima mikononi mwake. Njia hiyo ilikatwa lini? Ilikatwa jembe la meli lilipokuwa rahisi kuliko jembe la mhunzi, tukaridhika.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, twasoma kwamba Wafilisti walihakikisha hapana mhunzi hata mmoja katika nchi yote ya Israeli, na kila Mwisraeli alilazimika kushuka kwa Wafilisti kunoa jembe na shoka lake, tena kwa kulipa. Wafilisti hawakuhitaji kuteka kila kijiji. Walitosheka na kumiliki tanuru. Siku ya vita ilipofika, jeshi la Sauli halikuwa na upanga wala mkuki isipokuwa wa mfalme na mwanawe. Mwandishi mtakatifu aliliona jambo hilo kuwa la kuandikwa. Nasi tuone kuwa la kutafakariwa.

WASEMAO "KIWANDA KESHO"

Lakini ipo na hila ya upande wa pili, nayo ni tamu zaidi kwa sababu huja na makofi. Ni ahadi ya kiwanda. Mwanasiasa hupanda jukwaani na kusema kwamba hakuna jiwe litakalotoka nchini bila kusafishwa. Tunapiga vigelegele, tunarudi nyumbani, na mwaka unapita.

Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, ni mfano mchungu. Huko mna mlima wa chuma uliokadiriwa kuwa na tani milioni 126 za mbale, ambamo chuma kimechanganyika na titani na vanadi. Mchanganyiko huo ni baraka na ni mtihani: titani hufanya mavi ya tanuru la kawaida la chuma kuwa mazito na kuziba, hivyo mbale hiyo huhitaji njia yake maalumu. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China: asilimia 80 kwa mgeni, 20 kwa shirika, pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma na umeme wake. Zaidi ya miaka 10 baadaye hakuna hata tani moja ya chuma iliyokuwa imetoka katika mradi huo. Wananchi ambao maeneo yao yaliwekewa alama walingoja fidia miaka mingi, hadi malipo yalipoanza kutolewa mwaka 2023. Mtu aliyeambiwa asijenge wala asipande mazao ya kudumu, kwa kuwa mgodi unakuja, naye mgodi usije, huyo amefanyiwa butura ya maisha yake.

Tena tuulize: mbale ya Liganga ikiuzwa kwa jina la chuma, titani na vanadi iliyomo italipiwa na nani? Anayemnunua kuku mwenye mayai tumboni kwa bei ya kuku tasa hufurahi kimoyomoyo. Hapa ndipo penye fundisho la mwaka 2017. Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima makontena bandarini na kutoa taarifa kwamba kilichomo ni zaidi sana ya kilichoandikwa; kampuni ya Acacia ikakanusha. Mzozo ulikwisha kwa mapatano na Barrick. Hatutaki hapa kuamua kila tarakimu. Lakini aibu ilikuwa wazi: kwa karibu miaka 20 nchi ilikuwa ikitia muhuri kontena ambazo yenyewe haikuwa na uhakika wa kilichomo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ahadi ya kiwanda isiyosema umeme utatoka wapi, maji yatatoka wapi, na taka zitakwenda wapi, ni butura nyingine: twauza kura zetu zikiwa maua. Mmekwisha kusoma hapo juu tanuru la umeme linavyotaka umeme, na klorini inavyotaka uangalifu. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa umeme ulionunuliwa Uganda. Maporomoko ya Rusumo, huko Ngara, yanatoa megawati 80, nazo ni za nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadili hali ya taifa, nasi twamshukuru Mungu. Lakini hata umeme ukiwepo, kiwanda cha madini kilichojengwa bila kinga huwa msalaba kwa walio jirani nacho: tindikali mtoni, moshi kijijini, na kina mama wasiojua kwa nini mtoto anakohoa.

NGARA NI KWETU

Kwa nini tunayasema haya Kibeta, mahali pasipo na titani? Kwa sababu Ngara ni mkoa wetu, na nikeli ya Kabanga ni jaribio letu. Januari 2021 serikali na kampuni ya LZ Nickel walitia saini mkataba ulioanzisha Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na ikaahidiwa kwamba madini hayo yatasafishwa nchini. Kiwanda kilitajwa kuwa kitajengwa Kahama. Ni ahadi njema. Kazi yetu ni kuikumbuka, kwa kuwa ahadi isiyokumbukwa na aliyeahidiwa hufa yenyewe. Na si Ngara peke yake. Wachimbaji wadogo wa bati wa Kyerwa wanajua ilivyo kuuza kwa bei inayotajwa na mnunuzi, kwa mizani ya mnunuzi.

Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alifundisha kwamba makubaliano kati ya wasio sawa nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote zimekubali. Papa Fransisko, katika waraka wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Basi Tume za Haki na Amani hazijiingizi katika mambo yasiyo yao zinapouliza habari za mbale na tanuru. Nabothi naye alikuwa na shamba tu. Lakini nabii Eliya hakusema kwamba mashamba hayamhusu.

TUFANYE NINI

Kwanza, tujifunze. Kila jumuiya ichague jioni moja isome sehemu ya njia ya titani kwa sauti, na walimu wetu wa sayansi waombwe kufafanua. Kisha tuwaulize jamaa zetu wa Ngara nikeli itapita njia ipi, na hatua ipi itafanyika hapa nchini.

Pili, tudai daftari. Sheria ya mwaka 2015 juu ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji inataka mikataba itangazwe. Haitoshi itangazwe kwa Kiingereza cha mawakili. Madiwani na wabunge wetu waombwe kwa maandishi kwamba mambo makuu yawekwe katika Kiswahili: madini yote yaliyomo katika mbale, ikiwa ni pamoja na yale madogo, nani anayapima, na nani anashuhudia kipimo.

Tatu, fidia itangulie tingatinga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtaka mwenye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Parokia inayoona waumini wake wamewekewa alama kwenye nyumba zao bila malipo iandike majina, tarehe na ukubwa wa mashamba siku hiyo hiyo. Daftari la jumuiya limewahi kuokoa haki ya wengi.

Nne, tuulize ngazi, tusiulize miujiza. Nchi isiyoweza leo kutengeneza metali ya titani yaweza kuanza kwa kutenganisha, kisha kuyeyusha, kisha kupeleka vijana chuoni wajifunze klorini na ombwe, na kila mkataba uandike mwaka ambao hatua inayofuata itaanza. Mkataba wa miaka 30 usio na ngazi ni kisima kisicho na kamba.

Tano, tuanze nyumbani. Hatuwezi kuinyoshea serikali kidole kwa butura ya mchanga huku sisi wenyewe tukinunua maua ya kahawa ya jirani mwenye msiba. Mwanajumuiya anayefanya butura na kupokea Ekaristi ajiulize. Jumuiya zianzishe mifuko midogo ya kukopeshana wakati wa ada, ili maua yabaki mtini mpaka yawe kahawa.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyeuza kahawa yake kwa butura mwaka huu? Nani alinunua? Tumemsaidia vipi?

2. Someni 1 Samweli 13:19–22. Leo "Wafilisti" wanaomiliki tanuru ni nani, na sisi tumechangia vipi kuwaacha wamiliki?

3. Mwana wenu akisema anataka kusomea uhandisi wa madini, je, mtamwambia ni kazi ya wageni? Parokia yaweza kumsaidia vipi?

4. Nani katika jumuiya hii atapewa daftari?

Ayubu, sura ya 28, alimsifu mwanadamu achimbaye mlima na kuleta nuruni kilichofichika. Kisha akauliza hekima inapatikana wapi. Nchi yetu imekwisha kuchimba vya kutosha kujibu nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni wajibu wetu, nao unaanza jioni ya leo, kwa swali la nne.